Je, mwanangu aliyefariki anaweza kuwa amezaliwa kwa mama mwingine?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, shekhe. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, niko Lebanon kwa kazi za nyumbani, huku milimani upande wa Aley. Matajiri wangu ni Wadruzi, wafuasi wa dini yao ya pekee, na ni watu wema, hata mshahara hawanicheleweshei. Wana binti mdogo ambaye hajaanza shule. Tangu ulimi wake ukunjuke hutaja nyumba nyingine yenye baraza na mzabibu, na wavulana wawili anaosema ni wanawe. Huwalilia wavulana hao hata chakula kikamshinda. Lakini mume wa nyumba hiyo hataki hata kutajiwa; akiulizwa kama angependa kumwona, hukunja uso. Wazazi wake hawashangai. Wanasema binti amerudi duniani, na wameitafuta familia hiyo mpaka wakaipata kijiji cha pili. Siku hizi wanatembeleana.

Shekhe, kabla ya kuja huku nilimzika mwanangu wa miaka mitatu. Tangu nione haya usingizi umenipaa. Nawaza pengine naye yuko kwa mama mwingine, ananililia mimi na hakuna anayemwelewa. Yawezekana? Na huyu mtoto ameyajuaje anayoyasema? Je, nimetoka katika dini kwa kuwaza hivi? Pia naomba uniambie kuhusu kula chakula chao.

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kwanza pole kwa mwanao. Nitaanza naye, kwa sababu naona ndiye hasa unayemuulizia, na yule binti wa matajiri wako amekuwa sababu tu.

Mwanao hajazaliwa kwa mama mwingine. Yuko wapi? Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, aliwasimulia masahaba ndoto yake ndefu, na ndoto za Mitume ni wahyi. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Samura bin Jundub. Ndani yake aliiona bustani ya kijani, na katikati yake mtu mrefu mno, amezungukwa na watoto wengi kuliko alivyowahi kuwaona. Akaambiwa kwamba yule ni Ibrahim, alayhi ssalaam, na wale ni watoto waliokufa wakiwa katika maumbile yao safi. Sisi twaamini mwanao ni mmoja wao.

Kisha sikiliza hili lililo katika Sahihi Muslim. Mtu mmoja, Abu Hassan, alifiwa na wanawe wawili, akamwendea Abu Huraira akamwomba hadithi ya kuwatuliza nafsi zao kwa ajili ya maiti wao. Abu Huraira akamwambia kwamba watoto hao ni wadogo wa Peponi wasiozuiliwa mlango. Mmoja wao humkuta mzazi wake, akamshika nguo au mkono, kama alivyoishika Abu Huraira ncha ya nguo ya muulizaji, wala hamwachii mpaka Mwenyezi Mungu awatie wote wawili Peponi. Angalia jambo lililohifadhiwa hapo: mtoto anamjua mzazi wake. Hajabadilishiwa mama.

Sasa pima na itikadi ya nyumba hiyo, maana naona umeitamani bila kuitazama mpaka mwisho wake. Lau ingekuwa kweli, mwanao leo angekuwa na mama mwingine anayemnyonyesha na kumwita kwa jina lingine. Na hao watoto wanaosema wamekumbuka hawakai na kumbukumbu hizo. Daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, Ian Stevenson, aliyefariki 2007, alitumia miongo kadhaa kukusanya habari zao, zaidi ya 2,000, kutoka India, Sri Lanka, Burma, Uturuki na milima hiyohiyo ya Lebanon. Alikuta kwamba kwa kawaida mtoto huanza kusema akiwa na miaka miwili hadi minne, na hunyamaza akifika kati ya mitano na minane. Husahau, akashughulika na shule na michezo. Basi itikadi hiyo ingekupokonya mwanao mara mbili: mara ya kwanza kwa mauti, na mara ya pili kwa kukusahau. Sijui mama gani angeiita hiyo faraja.

Hili la roho kuhama kutoka mwili hadi mwili wanazuoni wetu wanaliita tanasukhi, na si geni kwao. Al-Biruni, aliyeandika kitabu kizima juu ya dini na elimu za India katika karne ya 11, alisema kwamba kama shahada ilivyo alama ya Waislamu na Sabato ilivyo alama ya Mayahudi, basi tanasukhi ndiyo alama ya Wahindu. Wadruzi nao walianza karne hiyohiyo, Misri, zama za khalifa wa Kifatimi al-Hakim. Wito wao ukatangazwa 1017 na mlango ukafungwa 1043, tangu hapo hawapokei mtu mpya. Kwao Mdruzi hurudi kuwa Mdruzi tu, mwanamume akawa mwanamume na mwanamke akawa mwanamke, palepale anapokata roho, bila hata siku ya kungoja. Ndiyo maana matajiri wako hawakushangaa. Binti alisema jambo ambalo kila mtu kijijini alikuwa tayari kulisikia.

Hapo pana jambo ambalo mimi huliona zito kuliko mengine. Katika habari alizokusanya Stevenson, watoto wa Kidruzi hawabadiliki jinsia kabisa, kwa sababu itikadi yao hairuhusu. Burma, ambako watu wanaamini mwanamume aweza kurudi mwanamke, wako wengi wanaosema wamebadilika. Kama hiyo ingekuwa sheria ya roho zote, ingekuwaje ifuate mafundisho ya kila nchi? Inaonyesha kwamba watu wazima wana mkono mkubwa katika yale mtoto anayoyasema, hata bila kukusudia uongo. Mtoto husema neno, mama hulidaka, shangazi humuuliza swali lenye jawabu ndani yake, jirani anakumbuka mtu aliyekufa kijiji cha pili. Zikishakutana familia mbili, hakuna tena awezaye kutenganisha alichosema mtoto na alichosikia. Stevenson mwenyewe alichagua neno la tahadhari. Alisema visa hivyo vinaashiria, hakusema vinathibitisha.

Wako wanazuoni wanaosema kwamba baadhi ya habari hizo hupenyezwa na majini, hasa karini, kwa kuwa imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba kila mtu ana karini wake wa kijini, na huyo aliishi na marehemu na kuyajua mambo yake. Hilo lawezekana. Lakini mimi siharakishi kulitamka juu ya mtoto fulani kwa jina lake, maana nimewaona watu wakilichukua neno hilo na kwenda nalo kwa waganga, mtoto akafukizwa na kupigwa kwa kosa la kusimulia. Kutojua jambo limetokeaje hakutulazimishi kuikubali tafsiri ya kwanza tunayopewa.

Tena kukumbuka peke yake si ushahidi. Katika Sura ya al-A'raf, aya ya 172, Mwenyezi Mungu anatwambia alichukua kizazi cha wanadamu akawashuhudiza: "Je, mimi siye Mola wenu?" Wakasema: "Ndiye." Hilo ni kweli tupu na hakuna hata mmoja wetu anayelikumbuka. Kama la kweli laweza kusahaulika na watu wote, basi na lisilotokea laweza kukumbukwa na mtu mmoja.

Huenda mtu akakuletea aya ya 11 ya Sura ya Ghafir, wanaposema makafiri: "Mola wetu, umetufisha mara mbili na umetuhuisha mara mbili." Aya hiyo hutumiwa sana na watu wa tanasukhi. Jawabu lake liko katika al-Baqara, aya ya 28: mlikuwa wafu akakuhuisheni, kisha atakufisheni, kisha atakuhuisheni. Mauti ya kwanza ni kule kutokuwapo kwetu kabla ya kuumbwa. Ya pili ni haya tunayoyajua. Ndivyo walivyofasiri Ibn Mas'ud na Ibn Abbas. Hata kwa hesabu yao aya haiwafai, maana wao wanasema mtu hufa mara nyingi, si mbili.

Nirudi kwenye lile binti analolilia na lile asilolilia, kwani umelisimulia vizuri na lina mafunzo. Analilia watoto, baraza, mzabibu. Mume hamtaki. Kisa mashuhuri cha namna hii ni cha Shanti Devi, aliyezaliwa Delhi 1926, ambaye tangu utotoni alisema alikuwa mke wa mfanyabiashara wa Mathura na alikufa baada ya kujifungua. Gandhi alipendezwa na habari yake, ikaundwa kamati iliyomsindikiza hadi Mathura, na ripoti ikatoka 1936. Yeye alimlilia mtoto wa kiume na mume aliyesema amewaacha huko. Alifariki 1987 bila kuolewa. Mimi kisa hicho hunihuzunisha kuliko kunishangaza: maisha yake mwenyewe, aliyopewa na Mola wake, yalipita akiyatazama maisha ya mwanamke mwingine.

Qur'ani imetusimulia watu waliokufa kwelikweli na wakatamani kurudi. Yasome maombi yao. Katika al-Mu'minun, aya za 99 na 100, mmoja anasema: "Mola wangu, nirudisheni, huenda nikatenda mema katika yale niliyoyaacha." Anajibiwa: hasha! Na mbele yao kuna kizuizi, barzakh, mpaka siku ya kufufuliwa. Katika al-Munafiqun, aya ya 10, anaomba muda mchache tu ili atoe sadaka. Katika as-Sajda, aya ya 12, wanasema wameona na wamesikia, warudishwe watende mema. Hakuna hata mmoja anayeomba baraza yake. Kilichowauma ni rakaa walizoacha na shilingi walizozuia.

Na wale wema je? Hao hawataki kurudi. Katika hadithi ya Anas, kwa Bukhari na Muslim, hakuna anayekufa akiwa na heri mbele ya Mwenyezi Mungu kisha akapenda kurudi duniani, hata kama angepewa dunia na vyote vilivyomo, isipokuwa shahidi, kwa utukufu alioukuta, atamani kuuawa tena. Baba yake Jabir, Abdullah bin Amr, aliyeuawa Uhud, aliomba hilo kwa ulimi wake. Mola wake akamwambia kwamba neno limekwisha kutangulia: hawarudi huko. Amepokea Tirmidhi. Basi aliyeomba kurudi kwa nia bora kuliko zote hakurudishwa.

Ziko hadithi mbili ningependa uzishike. Ya kwanza ni ya Muslim: Siku ya Kiyama ataletwa mtu wa Peponi aliyekuwa na dhiki kuliko watu wote duniani, achovywe Peponi mara moja tu, kisha aulizwe kama aliwahi kuona dhiki. Atasema: "Hapana, wallahi, ee Mola wangu, sikupata kuona dhiki." Machungu yote yamefutika kwa mchovyo mmoja. Ya pili ni ya Bukhari, na ndani yake Mtume alicheka. Alikuwa akihadithia kwamba mtu wa Peponi ataomba ruhusa ya kulima. Ataulizwa: si unacho kila unachotaka? Atasema ninacho, lakini napenda kulima. Atapanda, na kabla ya kupepesa jicho mimea imeota, imekomaa na kuvunwa, imerundikana mfano wa majabali. Bedui mmoja aliyekuwapo akasema: huyo lazima atakuwa Mkuraishi au Mwansari, wao ndio wakulima; sisi hatulimi! Basi hata huko mtu hukumbuka alichokipenda, lakini hukikumbuka bila uchungu, na hupewa hukohuko bila kurudishwa duniani kukifuata.

Umesema unamwaza mwanao akikulilia. Sina andiko linalosema watoto walio kwa Ibrahim huwalilia mama zao, na sitakutungia. Nililo nalo ni lile la kukushika nguo.

Ama hukumu: kuitakidi tanasukhi ni ukafiri, kwa sababu kunabatilisha barzakh, ufufuo na hesabu. Lakini wewe hukuitakidi. Fikra ilikujia katika msiba, ikakuumiza, ukauliza. Mtume amesema kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zinawanong'oneza, maadamu hawajayatenda wala kuyasema, yaani kwa kuyakubali. Hujatoka katika dini, wala huna haja ya kutamka shahada upya. Sema "Amantu billahi wa rusulih", soma Ayatul Kursiyyi unapolala, na umwombee dua na kumtolea sadaka mwanao ukipenda, ingawa hana dhambi, maana thawabu itakurudia wewe. Na hili nalo nilitaje: kule kwetu mtoto akipewa jina la babu yake huitwa "babu" na hata bibi humtania kama mumewe. Huo ni utani wa nyumbani, hauna neno, maadamu hakuna anayeamini kwamba mzee amerudi kweli.

Mtoto wa watu usimbishie wala usimcheke. Hana dhambi, na huo si mjadala wa mfanyakazi na binti wa tajiri wake. Akilia, mbembeleze kama unavyombembeleza anapoanguka. Wala usimuulize maswali zaidi juu ya nyumba hiyo. Usiwe nawe mmoja wa wanaoijenga. Wazazi wakikuuliza unaaminije, sema kwa adabu kwamba sisi twaamini mtu huzaliwa mara moja na hufufuliwa Siku ya Kiyama, kisha uendelee na kazi yako.

Kuhusu chakula, wali, mboga, samaki, mayai, maziwa na matunda yao ule bila wasiwasi. Nyama waliyochinja wenyewe jiepushe nayo, kwani wanazuoni hawakuwaweka Wadruzi katika hukumu ya Watu wa Kitabu. Ikiwa nyama imenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu, na Lebanon hao ni wengi, ni halali hata ikipikwa katika sufuria yao. Wallahu a'lam.