Askari Aliyeandikiwa Kufa kwa Kukumbuka Kwao

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa utabibu hapa Mwanza, na ninaandaa wasilisho kuhusu historia ya afya ya akili. Katika takwimu za kitabibu za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nimekuta "nostaljia" imeorodheshwa kati ya magonjwa, tena ikiwa na safu yake ya vifo. Wenzangu wanasema ni kosa la uchapaji. Je, ulikuwa ugonjwa gani, na kwa nini madaktari waliuhusisha zaidi na kambi za majira ya baridi, wakati askari hawapigani, kuliko na vita vyenyewe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kosa la uchapaji. Mwaka 1688, huko Basel nchini Uswisi, Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari ambamo aliunganisha neno la Kigiriki la kurejea nyumbani na lile la maumivu, na jina alilolipata, nostaljia, yaani ugonjwa wa kukumbuka kwao, likakaa katika vitabu vya tiba ya kijeshi kwa karibu karne mbili. Katika vita unavyovitaja, vya 1861 hadi 1865, madaktari wa Jeshi la Kaskazini, yaani la serikali iliyopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, waliandikisha zaidi ya wagonjwa 5,000 wa nostaljia na vifo zaidi ya 70.

Ili kuelewa kwa nini kambi, inakubidi kwanza uione kambi yenyewe, nasi wa ziwani baridi tunayoijua ni ule upepo wa alfajiri ya Julai tu. Chukua Falmouth, Virginia, ambako Jeshi la Potomac, moja ya majeshi makubwa ya Kaskazini, lilijichimbia baada ya kushindwa vibaya Fredericksburg tarehe 13 Desemba 1862, likiwa limepoteza zaidi ya watu 12,000 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kutoonekana. Januari 1863 kamanda wake, Jenerali Burnside, alijaribu kulitoa tena jeshi hilo. Mvua ikanyesha, barabara zikawa tope, mizinga na mikokoteni ikazama, na wote wakarudi walikotoka. Hiyo ndiyo sababu ya kambi za baridi: barabara hazikupitika, hivyo watu zaidi ya laki moja wakakaa mahali pamoja kwa miezi, wakingoja ardhi ikauke.

Walijenga vibanda vya magogo, wakaziba mianya kwa udongo na kuezeka kwa turubai za mahema yao. Dohani ilijengwa kwa vijiti vilivyokandikwa udongo, kama tunavyokandika kuta za fito, na juu yake wengine waliweka pipa lililotobolewa, ambalo halikuchelewa kushika moto. Siku ilianza kwa tarumbeta na kuhesabiwa, kisha foleni ya wagonjwa kwa daktari, gwaride, kutafuta kuni ambazo kila wiki zilikuwa mbali zaidi kwa kuwa msitu wa karibu ulikwisha kukatwa, na zamu ya lindo kando ya Mto Rappahannock. Chakula kilikuwa biskuti ngumu kama kigae, nyama ya nguruwe ya chumvi na kahawa. (Ng'ambo ya mto adui alikuwa na tumbaku lakini hana kahawa, basi walinzi wa pande mbili wakabadilishana kwa vijimashua vya ubao walivyovisukuma majini, jambo ambalo maofisa hawakulipenda.)

Baada ya hapo ulikuja usiku mrefu wa baridi, na hapo ndipo jibu lako lilipo. Askari aliye kwenye mapambano hana nafasi ya kujiuliza nani anakamua ng'ombe wa baba yake, lakini aliyelala kibandani akisikiliza kikohozi cha mwenzake anayo nafasi hiyo kila siku, na barua ikichelewa hujaza pengo kwa mawazo yake mwenyewe. Umewahi kuwaona wavuvi wa dagaa katika kambi za visiwani: siku za giza wanavua usiku kucha, wanachoka na kulala, na mbalamwezi ikitoka wanakwenda kwao. Sasa fikiria kambi ambayo mbalamwezi inatoka, kazi inasimama, na hakuna anayeruhusiwa kupanda mtumbwi.

Daktari wa jeshi J. Theodore Calhoun, aliyeandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1864, aliona kwamba kikosi kilichoelemewa na nostaljia kilipata nafuu baada ya kupigana. Nadhani aliona sawa lakini akatafsiri vibaya, kwa sababu aliamini pia kwamba mgonjwa afaa kudhihakiwa ili uanaume wake uamke. Hata hivyo yeye mwenyewe alikiri kuwa likizo ya kwenda nyumbani ni dawa, na mwaka uliotangulia Jenerali Hooker, aliyempokea Burnside mwishoni mwa Januari 1863, alikuwa amekwisha kuanza kutoa likizo kwa zamu, pamoja na mkate laini na mboga. Kufikia majira ya kuchipua afya na ari ya jeshi vilikuwa vimepanda waziwazi, ingawa mboga peke yake, kwa watu waliokuwa wakiugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa mboga na matunda, ingetosha kueleza sehemu ya nafuu hiyo.

Kuhusu vifo, kuwa mwangalifu. Mgonjwa wa nostaljia aliacha kula, akakonda, akakosa usingizi, na mwili uliodhoofika hivyo ulikuwa katikati ya kambi yenye surua, kuhara na homa ya matumbo, ambamo vyoo vya shimo vilichimbwa karibu na vijito vya maji ya kunywa na hakuna aliyejua habari za vijidudu. Takriban theluthi mbili ya waliokufa katika vita hivyo waliuawa na maradhi. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya walioandikwa nostaljia walikuwa na kifua kikuu au homa ya matumbo iliyojificha, na wengine walikuwa na kile ambacho leo tungekiita sonona.

Kwa hiyo katika wasilisho lako usiandike kwamba nostaljia ni jina la zamani la sonona. Andika kwamba lilikuwa jina la hali iliyochanganya huzuni, njaa na maambukizi, na kwamba hatuwezi kuyatenganisha sasa kwa mgonjwa mmoja mmoja: vipimajoto vilikuwa adimu jeshini, uzito haukuandikwa, na hapakuwa na maabara ya kupima choo chake.