Kona ya Shangazi: Nilimpost mama akiwa kwenye mashine, sasa ndugu hawanisemeshi

Shangazi shikamoo.

Mimi ni mdada wa miaka 31, naishi Mbagala, nina mtoto mmoja, nauza vitenge kwa simu. Mwaka jana mwezi wa 8 mama yangu alikuja kutoka Tanga kunisalimia, akafika miguu imevimba mpaka kandambili haziingii, tukadhani ni safari, kumbe figo zote mbili zimeshafeli. Presha alikuwa nayo miaka na miaka ila vidonge anameza siku akijisikia vibaya tu. Tokea hapo anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara masaa manne, na hapo sijahesabu foleni wala bajaji ya kwenda na kurudi.

Nisikufiche, nilikuwa nachanganyikiwa. Kaka zangu wapo watatu, hela wanatuma siwalaumu, ila hakuna anayejua kwamba saa nane usiku mama anawashwa mwili mzima anajikuna mpaka damu, afu analia anataka maji na mimi nimeambiwa maji yake ya siku nzima yameshaisha. Ndo usiku mmoja nikasachi Facebook nikakuta grupu la watu wanaouguza wagonjwa wa figo, nikaandika tu "mama yangu ana kiu jamani nifanyeje", hazikupita dakika tano wameshajibu watu saba, mmoja yuko Mombasa, mmoja Mwanza, mmoja Bujumbura. Nililia Shangazi, sijui kwa nini, nililia tu kujua kuna watu wengine wako macho saa ile.

Sasa mwezi uliopita nikafanya ya kufanya. Nilimpiga picha mama amelala kwenye mashine na mipira yake, nikaipost nikaomba dua, nikataja jina lake na kwamba hela ya mashine ya wiki ile imepelea. Jioni picha ipo kwenye statasi ya jirani yetu wa Tanga! Na mimi kwa ujuaji wangu nilikuwa nimeandika "fistula yake imeziba", watu kule wakasoma fistula wakaishia hapo hapo, mtaani ikawa mama anavuja mkojo. Kaka mkubwa akanipigia, nimewaanika, watu wanaona wameshindwa kumtunza mama yao, nilefti grupu leo leo. Mama aliposikia hakusema kitu, aligeukia ukutani.

Na humo grupuni kuna mtu kaniambia nimpe madafu matatu kila asubuhi yanasafisha figo, eti shemeji yake alipona. Mama mwenyewe anayataka, mtu wa Tanga si unajua. Mwingine yuko inboksi ana dawa ya unga laki mbili na themanini. Nijitoe au nibaki? Maana nikijitoa usiku nitaongea na nani.

Mtoto wa pili, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya kuuguza siyo ile ya kusalimiana tu.

Kabla sijafika kwa kaka yako wala kwenye picha, madafu usimpe. Hata moja. Najua kwetu Pwani mtoto akikojoa kwa shida anapewa dafu, mjamzito anapewa dafu, kila mtu anakwambia dafu linasafisha, na kwa mtu mwenye figo zake nzima halina neno. Ila dafu limejaa potasiamu, aina ya madini, na potasiamu ikizidi ni figo ndo zinaitoa nje na mkojo, sasa mama yako figo za kuitoa hana, inabaki kwenye damu mpaka siku ya mashine, ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo na moyo unaweza kusimama hivi hivi mtu anaongea na wewe. Ukichukua Ijumaa mpaka Jumatatu, siku zile mbili katikati hazina mashine, ndo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo huyo wa madafu matatu kila asubuhi inawezekana ana nia njema kabisa, shemeji yake pengine alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo akapona, lakini ushauri wake ungekuletea msiba. Ndizi mbivu, parachichi, machungwa, tende, yote hayo kaulize kwanza pale kwenye mashine ni kiasi gani au ndo basi. Mchicha na viazi watakufundisha kukatakata vipande vidogo, unachemsha kwa maji mengi unamwaga, ndo unaunga. Na birimbi za achari weka mbali, zina asidi inayoumiza figo hata za mzima akizidisha.

Sasa utasema Shangazi kumbe hulipendi hilo grupu. Nalipenda. Nilimuuguza marehemu kaka yangu miaka minne kwa ugonjwa huo huo na wakati naanza sikuwa na mtu wa kumuuliza, nesi ana wagonjwa kumi, dokta unamwona dakika tano, ndugu wakija wanakaa sebuleni wanaongea habari za kiwanja. Mambo madogo madogo niliyajua kwa kukosea. Sikujua kama kipande cha barafu kinatuliza kiu kuliko glasi ya maji, ingawa nacho ni maji na kinahesabiwa, sikujua kwamba ukipunguza chumvi kiu inapungua yenyewe, kwamba kikombe kiwe kidogo ili hata akimaliza aone amemaliza kikombe, kwamba bigijii inasaidia mdomo mkavu. Sikujua mkono wenye fistula haupimwi presha wala hautolewi damu, na asiulalie. Na huko kuwashwa wala siyo uchawi wala siyo sabuni, ni fosifeti, madini yanayotoka kwenye chakula, na uchafu mwingine kwenye damu, kamwambie dokta kuna dawa zake. Haya yote wewe umeyapata ndani ya wiki umekaa kitandani kwako na bando la elfu moja. Mimi ilinichukua mwaka na nusu. Kwa hiyo suala la kulefti naliweka pembeni, na kaka yako nitamfikia.

Ila picha mwanangu, hapo ulikosea, na nakwambia kama mama. Mama yako siku zote akitoka anajitanda, akipigwa picha anaomba kwanza ajitengeneze, leo watu wa mtaa wake wamemwona mdomo wazi, mpira wa damu mkononi, hajui hata kama amepigwa. Kiu ile ya saa nane ni yako pia, wewe ndo uko macho, unaweza kuielezea grupu zima na hakuna aliyevuliwa nguo. Uso wake, jina lake na ugonjwa wake ni vya kwake, hata kama yuko nyumbani kwako anakula kwa jasho lako. Tena hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, sikutishi, hakuna atakayekukamata, nakuonyesha tu kwamba hata serikali imeliona.

Ifute leo. Zilizoshaskrinshotiwa hazirudi lakini futa. Afu uende kwa mama ukae chini kabisa kwenye mkeka umwombe radhi, usimweleze habari za Facebook na grupu na nia yako ilikuwa nini, mwambie tu "mama nimekosa, nilikuonyesha watu bila kukuuliza." Akinyamaza mwache. Baada ya siku kadhaa umuulize anataka watu wajue nini, wengine utashangaa, mgonjwa mwenyewe anakwambia andika waniombee, ila picha weka ile ya Idi niliyovaa dera la kijani.

Na hiyo fistula lazima uisafishe, maana imemchafulia mama jina. Kwetu neno hilo watu wanalijua kwa ile ya uzazi, mama anayevuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu (nao hawastahili kusemwa, wanatibiwa wanapona, ila ndo mitaa yetu). Ya mama yako ni mshipa wa mkononi uliounganishwa na mwingine ili upanuke, sindano za mashine zipate pa kuingia. Tafuta mtu mmoja kule Tanga ambaye mtaa unamsikiliza, shangazi yako mwenye mdomo, kila ukoo unaye, umweleze taratibu kwa simu. Yeye ndo atalitembeza. Ukianza kujibizana na statasi ya jirani utakesha.

Huyo wa inboksi mbloku. Mtu mwenye dawa ya kweli hakufuati chemba usiku kukwambia bei. Zile unga za miti hakuna anayejua ndani kuna nini, na kuna mitishamba inajulikana kabisa inaua figo zilizobaki. Na akija wa aina nyingine, maana atakuja, anayesema anakutafutia mtu wa kuuza figo, au mnatakiwa India mumtangulizie hela ya maandalizi, huyo mripoti kwa admini na polisi. Kupandikiza figo kunafanyika hapa hapa, Muhimbili walianza 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018, na anayetoa ni ndugu aliyejitolea akapimwa, habari za kununua hazipo. Kama kaka zako watatu hawajawahi kukaa wakaongea habari hiyo na dokta, basi hilo ndo la kuwagombeza, siyo picha.

Kuhusu hela. Siku nyingine ikipelea usiweke namba yako ya simu hadharani, siyo kwa sababu wewe ni mwizi, ni kwa sababu sisi wote tumeshachoka na "ile hela tuma kwenye namba hii". Kama mnatibiwa hospitali ya serikali omba kontroo namba ya hilo deni, mpe yule aliyekuuliza yeye mwenyewe anataka kuchangia, alipe moja kwa moja, wewe hela haijakupitia mkononi na hakuna wa kukusema. Risiti tunza zote kwenye bahasha, za bajaji pia kama kuna mtu anaandika.

Haya, kaka mkubwa. Aibu yake naielewa, wanaume wengi wakisikia mama ameombewa hela mtandaoni wanasikia wao ndo wametangazwa kuwa hawafai. Lakini kukwambia ulefti ni kukuzimia taa na yeye hakai gizani. Mwambie hivi, kwa heshima, kaka nimekosa kwenye picha na nimemwomba mama radhi, grupuni nabaki, ila naomba Ijumaa moja tu kila mwezi uje wewe ukae naye yale masaa manne. Asafiri. Basi za Tanga zipo asubuhi mpaka jioni. Aone mama anavyotetemeka kwa baridi mashine ikiwa inazunguka, abebe yeye shuka na soksi, apandishwe yeye bajaji na mtu anayetapika. Akikataa muulize na wa pili, na wa tatu. Afu mfungue grupu dogo la nyinyi wanne tu, humo ndo uweke majibu ya vipimo, uzito kabla na baada ya mashine, hela iliyoingia na iliyotoka.

Jina lako kwenye lile grupu kubwa badilisha, weka la kuchezea. Na kila dawa au chakula utakachoambiwa mle ndani, kabla hakijaingia mdomoni kwa mama, kipitie kwa nesi wa mashine. Unamwona mara tatu kwa wiki, watu wa magonjwa mengine hawana bahati hiyo.

Shangazi asalaam alaykum. Mie nipo Muscat nafanya kazi za nyumbani. Baba yangu yupo Unguja, kapigwa kiharusi mwezi wa pili, upande wa kulia haufanyi kazi na kusema hasemi. Grupu la ukoo lina watu 70, kila siku dua na mafowadi, kuna alotuma kuwa ningewaambia wamchome sindano ncha za vidole damu itoke angepona pale pale. Silali, naona kama mie ndo nimemponza kwa kuwa mbali.

Binti wa Unguja

Waalaykum salaam binti yangu. Hiyo ya sindano ni uzushi wa miaka mingi, unazunguka unafutwa unarudi tena. Kiharusi kiko kwenye ubongo, kuchoma vidole hakukifikii, kinachofanyika ni kupoteza zile saa za mwanzo ambazo mtu alitakiwa awe njiani kwenda hospitali. Hukumponza. Aloituma mjibu mara moja tu, kwa adabu, hapo hapo mbele ya wote, isije ikamkuta mwingine kwenye ukoo.

Grupu la watu 70 liweke kimya, ulifungue mara moja kwa siku. Tafuta mmoja tu anayelala nyumba ile, dada yako au binamu, mkubaliane saa, nyie mko mbele kwa saa moja kwa hiyo ukimaliza vyombo vya usiku kule Unguja bado hawajalala. Huyo ndo akupe habari ya kweli, amefanya mazoezi leo, amemeza bila kupaliwa, ana kidonda mgongoni au hana. Na uombe kuongea na baba mwenyewe. Kutosema siyo kutosikia. Mwite kama ulivyokuwa unamwita mdogo, mpe habari za huko, za joto, za watoto unaowalea, usimuulize maswali ya kujibu kwa maneno. Simu aishike kwa mkono wa kushoto, na binamu amwambie akikusikia abonyeze kidole.