Unsolved Mysteries ya Netflix ndo ile ya zamani?

Mkuu umeuliza kama hii Unsolved Mysteries ya Netflix, kipindi cha visa vya kweli ambavyo havijapata majibu, ndo ile ile ya mzee wa koti refu. Ndio, ile ile, hata waanzilishi wake Cosgrove na Meurer wamo. Ilianza 1987 kule NBC Marekani kama vipindi maalumu, yule mzee wa koti ni mtangazaji wake Robert Stack, alifariki 2003. Hii iliyoanza 2020 haina mtangazaji kabisa na kwa kawaida episodi moja kisa kimoja, zamani walikuwa wanachanganya visa kadhaa humo humo, mi naona bila ile sauti yake nusu ya uoga imeondoka. Kilichobaki ni kuomba watazamaji watoe taarifa, enzi zile walikuwa wanapiga simu, saizi ni kwenye tovuti.

Ila usimwekee mtu aliyezoea kibanda umiza bila kumwambia kwanza! Mi niko Masasi, nilidaunlodi episodi mbili usiku bando likiwa rahisi nikamwekea mjomba kwenye simu, tumeiegemeza kwenye sufuria tunabangua korosho, mzee katulia kabisa mpaka mwisho, maandishi yakaanza kupanda akanigeukia, "sasa muuaji nani?" Nikamwambia hajulikani mpaka leo. Akagoma, eti nimemficha pati tuu, maana kwenye kibanda steringi lazima amkamate adui ndo watu wanatoka. Mpaka leo nikipita kwake ananiuliza kama imeshatoka.

Kama bando lako dogo, weka daunlodi za kiwango cha kawaida, inatosha kabisa kwa simu.