Kujiandaa na Boston Marathon ukiwa Minneapolis: jasho, upepo na barafu

Mkuu, umeuliza hivi: umehamia Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, kutoka Arusha, una namba ya Boston Marathon ya Aprili, sasa ni Desemba na nje ni nyuzi −15. Je, mazoezi yote uyafanyie kwenye mashine ya kukimbilia ya gym mpaka Machi? Jibu langu ni hapana. Mashine ina kazi zake mbili, nitazitaja. Mbio nyingine fanyia nje, kwa sababu kinachovuruga mazoezi ya msimu huu si baridi peke yake, ni jasho, upepo na barafu, na vyote vinadhibitika.

Jasho ndilo wageni wengi hulidharau. Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya kipimo kinavyosema. Dakika kumi za mwanzo lazima usikie baridi. Ukitoka mlangoni umejisikia vizuri, kufika kilomita ya tano umelowa, na nguo iliyolowa haitunzi joto tena. Pamba usivae kabisa, hata soksi. Kwa −10 hadi −15 inatosha fulana ya mikono mirefu ya sufu ya merino au polyesta inayobana mwili, juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo lenye zipu, taitsi nzito na kofia inayofunika masikio. Glovu chagua zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, vinapashana joto. Wanaume, tafuteni boksa yenye kitambaa cha kuzuia upepo kwa mbele. Watu huona aibu kulisema, lakini sehemu hiyo huganda kweli. Ukimaliza, vua nguo zote mbichi ndani ya dakika chache, kabla ya kunyoosha viungo.

Upepo sasa. Nyuzi −15 pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inaupata ubaridi wa kama −26. Ukishuka −28 hivi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Vaselini inazuia midomo kukauka na mapaja kuchubuka. Kuganda haizuii, kwa hiyo funika uso kwa kitambaa. Kitambaa hicho pia hulainisha hewa kavu inayoleta kikohozi baada ya mbio. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: dalili ni ganzi, rangi ya kijivu na ngozi kukakamaa. Ukiona hivyo ingia ndani, pasha kwa kiganja au kwapa, usisugue. Anza ukielekea upepo, rudi nao mgongoni, ili jasho la nusu ya pili lisipigwe na upepo. Mbio ndefu zigawe katika mizunguko ya kilomita 5 karibu na nyumbani, kwa sababu ukiteguka mguu na kusimama, mwili unapoa upesi mno.

Barafu ina dawa rahisi. Chukua viatu vya zamani vyenye soli nene, nunua skrubu fupi za bati zenye kichwa cha pembe sita, namba 8, urefu wa milimita 9 hivi. Funga nane mbele na tano kisiginoni, zote pembeni mwa soli, usiweke katikati ya soli. Vichwa ndivyo vinavyoshika barafu. Usitoboe kiatu chenye mfuko wa hewa au bamba la kaboni ndani ya soli. Kwenye theluji laini fupisha hatua na usahau saa: mguu ukiteleza nyuma kila unaposukuma, anayelipa ni kano ya kisigino na misuli ya ndani ya paja. Fuata jitihada, si mwendo.

Maji weka ya vuguvugu, chupa uibebe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Jeli, zile pakiti za sukari laini za kula njiani, kaa nazo karibu na mwili. Kiu hupungua kwenye baridi, kunywa hata hivyo. Na kwa ngozi yetu, jua la majira haya halitoshi, pima vitamini D.

Mashine itumie kwa mazoezi ya kasi, mwinuko asilimia 1, mfano kilomita 3 mara tatu kwa mwendo wa marathoni, na kwa siku za hatari. Lakini mashine nyingi hazishuki, na Boston inaanza kwa kushuka kutoka mji wa Hopkinton, kisha vilima vya mji wa Newton vinakusubiri kuanzia kilomita ya 26. Mapaja yasiyozoea mteremko huishia hapo. Tafuta mteremko uliokauka mara moja kwa wiki. Ukikosa, shuka ngazi polepole kwa mguu mmoja, marudio 12, mara tatu.

Siku yenyewe haitabiriki. Mwaka 2018 kulikuwa na mvua ya baridi na upepo wa usoni. Mkenya Geoffrey Kirui aliongoza akapitwa mwishoni na Mjapani Yuki Kawauchi. Mwaka 2012 joto lilipita nyuzi 30. Mwili uliofunzwa kwenye theluji hauna maandalizi ya joto hilo, hivyo wiki mbili za mwisho, baada ya mbio nyepesi, kaa kwenye beseni la maji ya nyuzi 40 kwa dakika 20, ukiongeza taratibu hadi dakika 40, siku sita au zaidi. Mtu mwingine awepo nyumbani, na ukisikia kizunguzungu toka.