Farasi anagoma kugeuka kushoto

SWALI: Farasi wangu jike, miaka 11, tangu mwezi wa nane anagoma kugeuka kushoto. Nikikaza mshipi wa tandiko anapiga mkia na kutaka kuuma. Mwenzangu anasema ni uvivu, nimwekee lijamu (chuma cha mdomoni) kali zaidi. Nifanye nini?
– Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Lijamu kali iache kwanza, ndugu. Uvivu hauchagui upande.

Anza na miguu. Mtu amkimbize troti, yaani mbio za polepole, mita 30 kwenda na kurudi, juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Kamba ilegee, ikivutwa, kichwa kinafungwa na hutaona kitu. Simama mbele yake. Akikanyaga kwa mguu wa mbele unaouma, kichwa kinapanda. Akikanyaga kwa ule mzima, kinashuka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona kichwa kimeshuka, wanakanda dawa kwenye mguu usiouma. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga: inayopanda na kushuka kuliko mwenzake ndiyo yenye shida. Kisha mzungushe duara pana kila upande. Kama ni mguu wa mbele wa kushoto, duara la kushoto mara nyingi litaufichua, kwa kuwa huo ndio wa ndani.

Mguu ukijulikana, shika kwato kwa kiganja, linganisha joto na ya pili. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo: kwa farasi mwenye afya mapigo hapo husikika kwa shida. Yakigonga kwa nguvu, kuna uvimbe ndani ya kwato. Safisha wayo, toa changarawe. Kiangazi udongo wetu mwekundu unakuwa saruji, wayo unachubuka. Mvua zikianza unalainika, uchafu unaingia na usaha unatunga. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8.

Kutaka kuuma ni jambo la pili. Ukitoka kupanda, vua tandiko utazame jasho: doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, au nywele nyeupe zilizoota, maana yake tandiko linabana hapo. Kuongeza kitambaa ni kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Tandiko likikaa vizuri na bado anachukia mshipi, daktari wa mifugo aangalie vidonda vya tumbo. Kugoma upande mmoja kunaweza pia kutoka kwenye meno.

Fenilbutazoni, dawa ya kutuliza maumivu, usimpe kabla daktari hajamwona akitembea, itaficha mguu anaoutafuta. Akikataa kabisa kukanyaga, mwache bandani, daktari aje siku hiyohiyo.