Wadogo zangu, msiunge kwiri kwa alama ya kujumlisha

Jumatatu nilikaa na kijana wa fildi hapa ofisini Mwanza, tukipitia msimbo wake wa kutafuta wavuvi kwa jina. Nikakuta kile kile, kwiri (ombi linalotumwa kwa databesi) iliyoungwa na jina kwa +: `"SELECT * FROM wavuvi WHERE jina = '" + jina + "'"`. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nikamwambia aandike Ng'wandu kwenye kisanduku cha kutafutia. Akaandika, akabonyeza, ukurasa ukajaa maandishi mekundu. Akanigeukia kama mtu aliyekanyaga mwiba. Basi nawaandikia wote, mliopo na mtakaokuja, kwa sababu nawapenda na nimechoka kurudia.

1. Chochote anachoandika mtumiaji kipite kwenye parameta, yaani nafasi iliyoachwa ndani ya kwiri huku thamani ikitumwa kando, hata kwenye skrini ya ndani anayoitumia mhasibu peke yake. PostgreSQL inataka `$1`, MySQL `?`, Oracle `:jina`, SQL Server `@jina`. Mtu akiandika `' OR '1'='1`, ile hila ya kutoa orodha nzima, atakuwa anatafuta mvuvi mwenye jina hilo, na hatampata.

2. Msifute herufi za watu ili msimbo upite. Hapa nitakaa kidogo, maana hili nililifanya mimi.

Mwanzoni mwa kazi nilijenga mfumo wa kuwalipa wauza dagaa wa Ukerewe, Sengerema na Magu. Huku Usukumani ritifaa, ile alama ya ' kwenye Ng', si pambo. Ng'wana ni mwana. Magu kuna kata ya Ng'haya, na jirani zetu wa Geita wana wilaya ya Nyang'hwale. Siku ya kwanza karani alipoingiza jina lenye Ng', mfumo ulianguka: ritifaa ilifunga nukuu katikati ya jina, na databesi ikasoma herufi zilizobaki kama amri isiyoeleweka. Parameta nilikuwa nimefundishwa chuoni, nazijua. Lakini kwiri zilikuwa arobaini na kitu, na mteja alikuwa anakuja Ijumaa. Nikaandika mstari mmoja wa kufuta ritifaa kwenye kila jina kabla ya kulihifadhi. Makosa yakakoma, nami nikalala usingizi mzuri.

Miezi minne baadaye tukaunganisha mfumo na huduma ya kuhakiki majina ya namba za simu. Unatuma namba, unarudishiwa jina lililosajiliwa, unalilinganisha na la kwako, ndipo unalipa. Kwao Ng' ilikuwa na ritifaa yake. Kwetu haikuwepo. Malipo ya watu hao yakawekwa kando yasubiri uhakiki, kwenye orodha ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuifungua kila asubuhi, na sikuifungua.

Mama mmoja akaja kutoka Nansio kwa meli. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua pindo la khanga yake, akatoa kitambulisho na kukiweka mezani kando ya kibodi. Akaweka kidole palepale baada ya N na g. "Baba, jina la mzee wangu lina hii. Nyie mmeitoa kwa nini?" Alikuwa na wiki tatu hajalipwa, na nauli ya kuja alikuwa ameikopa. Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima kama yule. Nilimwomba radhi, na hela yake ikatoka jioni ile ile.

Wengine walisubiri siku tisa zaidi, kwa sababu ritifaa ikishafutwa hairudi. Ukikuta Ngoma kwenye jedwali, hakuna programu itakayokuambia kama mwenyewe ni Ngoma au Ng'oma. Ilibidi tutoe fomu za karatasi kabatini, tusome jina moja moja, na pale mwandiko uliposhindikana tumpigie mwenyewe simu. Kuweka parameta kwenye zile kwiri zote kulinichukua siku mbili.

3. Kwenye LIKE (kutafuta kwa sehemu ya neno), alama ya asilimia iingie ndani ya thamani; ukiandika `'%?%'` unatafuta alama ya kuuliza yenyewe.

4. Jina la jedwali au la safu haliwi parameta. Mtumiaji akitaka kupanga kwa tarehe au kwa kilo, linganisheni chaguo lake na orodha mliyoiandika wenyewe.

5. Ukitafuta mistari isiyojazwa mwalo (NULL), `mwalo = NULL` hairudishi mstari hata mmoja. Ni `IS NULL`.

6. URL (anwani za wavuti) nazo zina kwiri. Mwezi uliopita binti mmoja hodari sana alikesha na huduma iliyokuwa ikimjibu kwamba namba yake haipo, na namba ilikuwepo. Tulikwenda Kirumba kula sato, laptopu akaja nayo, samaki akapoa mbele yake. Nikamwomba afungue logi ya seva. Badala ya +255 palikuwa na nafasi tupu kisha 255, kwa kuwa alama ya kujumlisha kwenye sehemu ya kwiri ya URL (baada ya alama ya kuuliza) husomwa kama nafasi. Alitakiwa kutuma %2B badala ya +, na hiyo ni kazi ya maktaba mnayotumia: ipeni parameta zenu, msizibandike kwa mkono. Alicheka, kisha akaagiza samaki mwingine, wa moto.

Kwenye databesi ya majaribio nimeweka majina ishirini: yenye ritifaa, yenye nafasi mbili, yenye &, na moja lisilo na kitu kabisa. Yapitisheni yote kabla ya kuniletea msimbo. La kwanza ni la yule mama wa Nansio. Nilimwomba ruhusa, akakubali, akanitajia herufi moja moja nikiandika.