Kabla ya Kuiwasha Commodore 64, Pima Adapta Yake

Katika kompyuta za Commodore 64 nilizowahi kuzifungua, adapta ya umeme imeharibu chipu nyingi kuliko umri, ingawa mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1982. Kwa hiyo ukipata moja iliyokaa stoo miaka mingi, usiichomeke ili tu uone kama inawaka.

Adapta ya asili hutoa umeme wa aina mbili. Ule wa AC wa volti 9 hudhibitiwa tena ndani ya kompyuta kwa ajili ya chipu ya sauti, yaani SID, na ile ya picha. Ule wa DC wa volti 5 hauna kinga yoyote: hutoka kwenye adapta na kwenda moja kwa moja kwa prosesa ya 6510 na chipu za kumbukumbu za kilobaiti 64. Kidhibiti chake kimo ndani ya adapta, na adapta nyingi zimejazwa resini ngumu inayozuia joto kutoka na fundi kuingia. Kidhibiti hicho kikichoka, mara nyingi hakikati umeme bali huziachia volti zipande, na chipu za kumbukumbu huwa miongoni mwa za kwanza kuungua.

Ipime adapta peke yake kwa multimita. Volti 5 zisome kati ya 4.75 na 5.25. Usitosheke na hapo, kwa kuwa adapta inayokaribia kufa huweza kusoma vizuri ikiwa baridi na haina mzigo. Mimi huiunganisha na rezista ya omu 5 na wati 10, inayovuta ampea 1, nikaiacha nusu saa nikitazama namba. (Rezista hiyo huchemka, isiguswe.) Ikivuka 5.25, nunua adapta mpya iliyoundwa kwa mashine hii, maana SID haitengenezwi tena. Aliye Afrika Mashariki asome lebo pia: adapta ya Marekani ni ya volti 120, nayo itaungua kwenye soketi zetu.

Adapta ikiwa nzima na skrini ikabaki nyeusi, mimi huanza kuishuku chipu ya PLA, inayochagua ni chipu ipi prosesa izungumze nayo, ambayo hupata joto jingi na hufa mara kwa mara. Kompyuta ikiwaka, skrini ya buluu itaonyesha baiti 38911 zilizo huru kwa BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani yake; namba iliyo chini ya hiyo, bila katriji yoyote kuchomekwa, ni dalili ya chipu mbovu ya kumbukumbu.